Nilimpa sifuri, kisha nikampa kura

Oktoba 2015 nilimpa mgombea urais sifuri kwa wino mwekundu, na kabla mwezi haujaisha nikampa kura yangu. Hakuna aliyenilazimisha, wala aliyenihonga fulana na kofia. Nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Igurwa, wilayani Karagwe, nimebakiza muda mfupi kustaafu, mtu ambaye majirani humletea barua zao awasomee na fomu zao awajazie. Kosa langu limekaa salama miaka yote hii kwa sababu kura ni siri, na siri ilinifaa. Leo nalitoa kwa hiari. Ninaomba nisikilizwe mpaka mwisho, maana kosa lenyewe lina tabaka, na la juu ndilo jepesi kuliko yote.

Mwaka ule asasi ya Twaweza iliendesha midahalo ya televisheni iliyoitwa Mkikimkiki. Siku chache kabla ya kura ya Oktoba 25, wagombea urais walialikwa Dar es Salaam wakae mbele ya kamera, waulizwe. Karatasi ya kura ilikuwa na majina manane, ila nchi nzima ilizungumza mawili tu: John Magufuli wa chama tawala, CCM, na Edward Lowassa, waziri mkuu wa zamani aliyeihama CCM mwaka ule ule akasimama kwa tiketi ya Chadema na kuungwa mkono na Ukawa, umoja wa vyama vya upinzani. Wote wawili hawakufika. Waliofika walitoka vyama vidogo, na mmoja wao alikuwa Anna Mghwira wa ACT-Wazalendo, mwanasheria mzaliwa wa Singida, mwanamke pekee kati ya wale wanane.

Niliutazama mdahalo huo kwenye kibanda umiza, banda la mabati ambamo vijana hulipa kiingilio kuona mpira wa Uingereza. Mwenye banda alinikubalia kwa heshima ya ualimu. Yeye mwenyewe nilimfundisha kusoma. Mwanzoni watu walijaa. Ilipojulikana kwamba wale wawili hawaji, mabenchi ya nyuma yakaanza kupungua, na mwenye banda akawa ananitazama kwa jicho la mtu anayehesabu mafuta ya jenereta. Tuliobaki tulikuwa wachache.

Nilikuwa na daftari. Maisha yangu yote ya kazi nilisimamia midahalo ya wanafunzi, ile ya maisha ya kijijini na ya mjini, ya elimu na mali. Nilijua kuchora safu: hoja, ushahidi, lugha, kutunza muda. Nikachora safu zile zile, nikaandika majina yote manane, nikaanza kutoa alama. Anna Mghwira alinipendeza kwa utulivu wake na mpangilio wa maneno yake. Nilimpa alama za juu kuliko wengine. Nilipofika kwa wasiokuwepo sikusita. Mtahiniwa asiyeingia chumba cha mtihani hapandishwi darasa, hata baba yake awe mwenyekiti wa kamati ya shule. Nikaandika sifuri, na nyingine chini yake.

Kesho yake asubuhi nilipita kwa jirani yangu, mama mjane anayenizidi umri, aliyekuwa akigeuza kahawa kwenye turubai. Msimu ulikuwa ukingoni, mvua zilishaanza kutishia, na palikuwa na watu kadhaa wakimsaidia.

“Shikamoo, Mama.”

“Marahaba, Mwalimu. Nasikia jana mlikuwa kwenye televisheni. Walisema nini juu yetu sisi wenye kahawa?”

Swali lilikuwa wazi kabisa. Mimi nikajibu jingine, ambalo hakuliuliza. Nikasema: “Mama, waliosema hawashindi, na watakaoshinda hawakusema.”

Watu wakacheka. Kijana mmoja akairudia kauli ile mara mbili ili aikariri. Yule mama hakucheka. Alisema, “Waitu, Mwalimu, mimi sikuuliza nani atashinda,” akaendelea kugeuza kahawa yake.

Nilipaswa kuaibika pale pale. Badala yake niliondoka nimevimba kichwa, maana kauli yangu ilitembea. Niliposhuka Omurushaka siku ya gulio, mtu nisiyemfahamu aliniambia maneno yale yale kama habari mpya, nami sikumwambia kuwa ni yangu. Nilifurahi tu kimoyomoyo. Kila aliyeisikia aliamini kwamba amepata muhtasari wa mdahalo kutoka kwa mtu aliyeuona. Hakupata chochote. Alichopata ni ruhusa ya kutokujali.

Jumapili ya kura nikasimama kwenye foleni na kadi yangu, nikaingia, nikatia alama kwa mmoja wa wale wawili niliowaandikia sifuri. Yupi, hilo nabaki nalo. Kwa maungamo haya halina tofauti, maana sifuri zao zilikuwa sawa.

Matokeo yalipotangazwa, Magufuli alikuwa na asilimia 58.46 na Lowassa 39.97. Jumlisha mwenyewe: wawili waliokataa kuja kuulizwa walichukua zaidi ya kura 98 katika kila 100. Anna Mghwira, aliyekuja, alipata asilimia 0.65, kura zisizofika laki moja katika nchi nzima. Niliposikia takwimu zile redioni nilijipongeza. Nilikuwa nimetabiri sawasawa.

Pale ndipo ninapotaka kusimama, maana kujipongeza kule kunaonyesha nilichokuwa nimekitafuta kwenye mdahalo. Nilitafuta mshindi. Nilitaka kuwa mtu aliyejua mapema. Na tabia hii sikuianza mwaka 2015.

Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo wa chama kimoja ukome, wagombea urais wanne walikaa pamoja kwenye mdahalo Dar es Salaam: Benjamin Mkapa wa CCM, Augustine Mrema wa NCCR-Mageuzi, Profesa Ibrahim Lipumba wa CUF na John Cheyo wa UDP. Sisi wa Karagwe hatukuwa na televisheni. Magazeti yalitufikia kwa basi kutoka Bukoba yakiwa yamechelewa, yamekunjwakunjwa na wasomaji wa njiani. Walimu wenzangu waliokuwa Dar es Salaam wakati ule walirudi wakimsifu Lipumba kwa namna alivyoueleza uchumi. Mrema ndiye aliyekuwa akijaza viwanja. Watu walifikia kulisukuma gari lake kwa mikono. Hesabu ilipotoka, Mkapa alipata asilimia 61.8, Mrema 27.8, Lipumba 6.4 na Cheyo 4.

Mimi wakati ule nikajifunza somo moja: kusema vizuri hakumpi mtu urais. Somo hilo ni la kweli. Kosa lilikuwa kulichukua kama somo zima. Sikuona lililokuwa kubwa zaidi, kwamba mgombea wa chama tawala alikuja, akakaa na wapinzani wake, akaulizwa mbele ya watu, na hakuna kilichomharibikia. Mkapa alitoka kwenye mdahalo ule akaenda Ikulu. Tangu hapo sijaona tena mgombea wa chama tawala wa urais wa Muungano akikaa meza moja na wapinzani wake mbele ya kamera. Mwaka 2010 CCM ilitangaza waziwazi kuwa wagombea wake hawatashiriki midahalo. Mwaka 2015 na upande wa pili, uliokuwa ukililia mabadiliko, ukaona hauna haja. Kutokuja kumekuwa desturi, na desturi huota pale ambapo haimgharimu mtu kitu. Mimi nilikuwa mmoja wa wasiotoza gharama.

Kwamba ni suala la gharama, majirani zetu wametuonyesha vizuri. Kenya, Februari 2013, wagombea wote wanane walisimama jukwaani katika shule ya Brookhouse jijini Nairobi, Uhuru Kenyatta na Raila Odinga wakiwemo, ingawa Kenyatta alikuwa na kesi mbele ya mahakama ya The Hague na alijua ataulizwa. Aliulizwa. Mwaka 2017 Kenyatta, sasa akiwa rais, hakutokea. Raila akasimama peke yake akajibu maswali. Mwaka 2022 Raila naye, safari hii akiwa na baraka za Ikulu, hakutokea. William Ruto akabaki peke yake na waandishi. Aliyeachwa jukwaani mwaka 2017 ndiye aliyemwacha mwenzake mwaka 2022. Ukiwasikiliza, kila mmoja alikuwa na sababu nzito ya msimamo. Ukiwatazama kwa mpangilio wa miaka, unaona mtu huja anapohitaji kura za nyongeza na hukaa nyumbani anapodhani anazo za kutosha. Raila alishindwa mwaka 2022 kwa asilimia 48.85 dhidi ya 50.49. Sidai mdahalo ndio uliomwangusha. Ila kwa pengo dogo namna ile, mwanasiasa yeyote mwenye akili atajiuliza mara mbili safari ijayo.

Ng'ambo ya Mto Kagera nako, Januari 2016, wagombea wa Uganda walikutana Kampala kwa mdahalo wao wa kwanza wa aina ile. Rais Museveni hakwenda. Aliupuuza akisema ni mambo ya wanafunzi wa sekondari. Februari, siku chache kabla ya kura, ulipoitishwa wa pili, alikwenda. Sisi tunaosikia redio za Mbarara, na ambao lugha yetu na Kinyankore zinaelewana bila mkalimani, tuliufuatilia kama wa kwetu. Mmoja wa wagombea alikuwa Benon Biraaro, jenerali mstaafu, mtu wa Isingiro, karibu kabisa na daraja la Murongo. Ndugu zangu wa upande ule walimpenda alivyojieleza. Kura zake hazikufika asilimia moja, na Museveni akapata zaidi ya 60. Mimi nikatoa kauli yangu tena, ile ile, kwa watu wapya. Sikuona kwamba kuna jambo limetokea pale: rais aliyekuwa madarakani miaka 30 alilazimika kubadili msimamo wake ndani ya mwezi mmoja na kuja kukaa na wanaompinga. Kuna kelele zilizomfikia. Huku kwetu mimi nilikuwa nikizizima kwa mzaha.

Sasa nishuke tabaka la pili, ambalo linanihusu mimi kama mtoa alama.

Kampeni za 2015 tulizizungumza kwa miili ya wagombea. Lowassa alihutubia kwa dakika chache tu, na watu wakasema ni mgonjwa. Magufuli akapiga pushapu jukwaani, picha zikaenea nchi nzima, na watu wakasema huyu ni chuma. Nilikuwa mmoja wa wasemaji hao. Nilibishana chumba cha walimu juu ya nani ana afya na nani hana, kwa ari ambayo sikuwahi kuwa nayo juu ya bei ya mbolea. Mkutano wa hadhara unaruhusu hayo, kwa sababu mwenye kipaza sauti huchagua cha kusema, na aliye chini huchagua kushangilia au kunyamaza. Hakuna wa kumwambia mzungumzaji, “Hapo hujajibu, rudia.” Mdahalo, hata ukiendeshwa vibaya, una mtu wa kusema hivyo.

Lakini je, mimi kwenye kibanda umiza nilikuwa bora kuliko wapiga makofi ya pushapu? Nilidhani hivyo kwa miaka mingi, mpaka nilipokwenda kumwomba radhi yule mama.

Ilikuwa baada ya kustaafu. Wakati ule walikuwa wameshafariki wagombea watatu: Magufuli Machi 2021, akiwa madarakani, Anna Mghwira Julai mwaka huo huo, baada ya kuwa mkuu wa mkoa wa Kilimanjaro kwa uteuzi wa Magufuli huyo huyo, na Lowassa Februari 2024. Nilipousikia msiba wa Lowassa ndipo nilipotambua kwamba kati ya wale niliowapa alama, hao watatu niliowawazia zaidi, hakuna tena wa kumdai au wa kumlipa. Aliyebaki na haki kwangu ni jirani. Nikaenda. Nilimweleza habari ya daftari, ya sifuri, ya kura, na ya kauli ile iliyomnyima jibu siku ya turubai.

Alinisikiliza, akaguna. Halafu akauliza kwa utulivu: “Basi niambie sasa. Walisema nini juu ya kahawa?”

Nikarudi nyumbani nikalitafuta daftari. Nililipata, kwa sababu mwalimu hatupi daftari. Nikalifungua nikiwa na hakika ya kurudi na jibu. Kurasa zile zina majina, safu na namba: hoja 18, lugha 22, muda 15. Pembeni nimeandika “anajiamini,” “ana haraka,” “sauti nzuri.” Hakuna swali hata moja lililoulizwa siku ile. Hakuna jibu hata moja. Nilikaa saa nzima mbele ya watu waliokuwa wakieleza wangeifanyia nini nchi yangu, nikaandika jinsi walivyosema, nisiandike walichosema. Hata kama ningetaka kumjibu mama yule asubuhi ile ya 2015, nisingeweza. Kauli ya kuchekesha ilificha ujinga wangu mwenyewe.

Hilo ndilo kosa kubwa, na ndilo lililoifanya sifuri kuwa rahisi kusahaulika. Ningekuwa nimeandika maswali, ningeona kwamba kila swali waliloliepuka wale wawili ni deni lenye jina: kahawa, ardhi, zahanati, ada. Sifuri peke yake ni aibu ya jumla, na aibu ya jumla hufutika mtu akipita na msafara wa magari na ngoma.

Nitaje deni moja ili ieleweke. Kahawa ya robusta ndiyo inayoziendesha Karagwe na Kyerwa; ndiyo inayojenga nyumba za bati na kupeleka watoto sekondari. Mwaka 2015, kama miaka mingi kabla, mkulima mwenye shida alikuwa akiuza butura: anachukua fedha kahawa ikiwa bado mtini, kwa bei ya kutupa, na msimu ukifika anachuma mali ya mtu mwingine. Usiku magunia yalivuka Mto Kagera kwenda Uganda kwa sababu bei ya ng'ambo ilikuwa ikivutia, na tukayaita magendo. Mwaka 2018 Serikali ikaagiza kahawa ya wakulima iuzwe kupitia vyama vya ushirika, na butura ikapigwa vita. Wapo wanaosema agizo lile liliwaokoa, wapo wanaosema liliwabana wakati walipohitaji fedha za haraka. Mimi sina ugomvi na upande wowote hapa. Ninachosema ni kwamba jambo kubwa kiasi hicho kwa maisha yetu tulilipokea kama mvua, tukitazama juu. Yule aliyekuja kulitekeleza, na yule aliyetaka nafasi ile ile, walikuwa wameomba kura zetu miaka mitatu kabla bila kuulizwa ana kwa ana, mbele ya mpinzani anayeweza kuwabana: butura mtaifanyaje, na mkulima atakula nini kati ya kuvuna na kulipwa? Mtu huulizwa anapoomba. Akishapewa, anayeuliza anaonekana msumbufu.

Nimejaribu kujitetea mbele ya nafsi yangu, na utetezi wangu ni ule ule wa wengi. Nilisema sikutaka kupoteza kura. Lakini kura yangu moja isingemshindisha wala kumwangusha mtu, kwa hiyo hoja ya kupotea haikuwa ya hesabu. Nilitaka tu kuwa upande wa wanaoshangilia jioni. Nilisema pia mimi ni mtumishi wa umma, nina familia, si vizuri kuonekana nimekaa pembeni na wapinzani. Ni kweli woga huo upo katika kazi yetu, na siwacheki walio nao. Kwangu haukuwa sababu. Lowassa alikuwa mpinzani, naye hakuja, na nilimpa udhuru kama niliompa mwenzake. Ningekuwa mwoga tu, ningemlaumu mmoja na kumsamehe mwingine. Mimi niliwasamehe wakubwa wote kwa ukubwa wao.

Sisemi kwamba nilipaswa kumpigia Anna Mghwira. Pengine ningetafakari sera zake nisikubaliane nazo. Chama chake kilikuwa kichanga, kimetoka tu kutangaza Azimio la Tabora la kuhuisha siasa ya ujamaa, na mtu mwenye akili timamu angeweza kulikataa azimio lile kwa hoja. Wala sidai mdahalo ni mizani kamili. Kuna wenye ulimi mtamu waliokuja kuwa watawala wabovu, na wenye kigugumizi waliojenga barabara. Watu wengi huku hawakuiona televisheni ile kabisa. Na wagombea wakiwa wengi kwa muda mfupi, kila mmoja hupata dakika za kusalimia na kuaga. Mapungufu yote hayo nayajua. Hakuna hata moja linalomruhusu aliyeutazama mdahalo kurudi kijijini na kuwaambia ambao hawakuuona kwamba hapakuwa na kitu.

Mwaka 2025 nilikuwa na daftari jipya, limechorwa safu nyingine: swali, jibu, fedha zitoke wapi, lini. Halikupata kazi kwenye kiti cha urais. Chadema haikuwemo kwenye karatasi baada ya kukataa kusaini kanuni za maadili ya uchaguzi, na mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alienguliwa. Mdahalo unahitaji pande mbili zenye uzito, na mmoja haukuwepo hata kwenye karatasi ya kura. Sisemi kwamba hayo yalizaliwa na uzembe wa mwalimu mmoja wa Igurwa. Najua tu kwamba tulikuwa tumeshajizoesha, hatua kwa hatua: kwanza tulizoea mgombea asiyekuja kuulizwa, kisha tukazoea kutokujua angejibu nini, na mtu aliyezoea hayo hashtuki ipasavyo asipoona jina la kuuliza.

Daftari lilipata kazi huku chini, kwa wagombea wa udiwani. Nilikwenda kwenye mikutano yao, nikasubiri maswali, nikauliza, nikaandika majibu kwa maneno yao. Mmoja alikasirika akaniuliza nimetumwa na nani. Mwingine alijibu maswali mawili vizuri, la tatu akasema hajui ila atatafuta. Niliyasoma majibu yote kwa yule mama, na kwa yeyote aliyekuwepo nyumbani kwake, bila kutoa alama. Wakabishana wenyewe. Mama alinisimamisha mara kwa mara: “Rudia hapo.” Nilirudia. Ni kazi isiyo na sifa yoyote, na msomaji husahaulika mara moja, jambo ambalo miaka kumi nyuma lingenikera.

Linaloniuma ni moja. Katika kampeni hizo hizo za 2025 nilimkuta kijana, ambaye mwaka 2015 alikuwa hajafika hata darasa la tano, amekaa kwenye bodaboda yake akimkatisha tamaa mwenzake aliyekuwa anataka kwenda kumsikiliza mgombea mdogo wa udiwani. Akamwambia: “Waliosema hawashindi, na watakaoshinda hawakusema.” Akacheka, mwenzake akacheka, wakakaa. Nikamwambia kauli hiyo niliitunga mimi na ni ya kipuuzi. Akaniangalia kwa upole ambao vijana huwapa wazee wanaodai mambo makubwa, akasema, “Sawa, Mwalimu.”

Nimejaribu kutunga nyingine ya kuichukua nafasi yake. Nimeshindwa. Niliyo nayo ni ndefu, haichekeshi, na haitafika Omurushaka kwa miguu yake: mtu anayeomba kazi kwako na hataki kuulizwa mbele ya anayempinga, usimtafutie udhuru, andika maswali aliyoyakwepa, yasome kwa sauti kwa wasioweza kusoma, na uyakumbuke siku ya kura hata kama kila mtu anakwambia kuwa atashinda. Kwa kuwa haiwezi kutembea yenyewe, nimeiandika.